Kitabu Badala ya Mwalimu: Mwanafunzi wa Nyumbani na Fasihi ya Zama za Kati

Elimu ya nyumbani ni jambo la kale kuliko shule. Walakini siku hizi, akitajwa kijana wa umri wa sekondari ambaye hafundishwi shuleni bali nyumbani kwao, na ambaye husoma fasihi ya Zama za Kati za Ulaya kwa njia ya intaneti, wasikilizaji hugawanyika mara moja makundi mawili. Kundi la kwanza husifu. Husema kuwa kijana huyo ana maktaba ambayo mfalme wa zamani hakuwa nayo, na kwamba hakuna kengele ya kumkatiza afikapo penye utamu. Kundi la pili hulaumu. Husema kuwa amezungukwa na maandishi lakini hana mwalimu, na kwamba fasihi ngumu kama ile, ikisomwa bila mkono wa kuongoza, hugeuka kuwa hadithi za majoka na mapanga tu.

Sikusudii kuamua kati ya makundi haya kwa hoja za sheria wala za malezi. Nataka kuiuliza fasihi yenyewe. Vipo vitabu vitatu vya Zama za Kati vinavyohusu hasa hali ya mtu ajifunzaye nyumbani kwa kitabu. Cha kwanza kiliandikwa na mama kwa mwanawe aliye mbali. Cha pili kiliandikwa na baba kwa mwanawe mdogo. Cha tatu kiliandikwa na mwanamke aliyejisomesha mwenyewe. Wandishi wake ni Dhuoda, Geoffrey Chaucer na Christine de Pizan. Ushahidi wao watuonyesha nini ambacho kitabu chaweza kumpa msomaji aliye peke yake, na nini kisichoweza kumpa. Kabla ya kuwaita mashahidi hao, yafaa tutazame hali ya mwanafunzi mwenyewe.

Nchini Marekani, ambako desturi ya kusomesha watoto nyumbani imeenea sana, majimbo yote 50 yalikuwa yamekwisha kuiruhusu kisheria kufikia mwaka 1993. Miaka hiyohiyo ndiyo maktaba kubwa zilipoanza kupiga picha hati zao za mkono na kuziweka wazi kwa watu wote. Utenzi wa Beowulf, wenye mistari 3,182, umesalia katika hati moja tu duniani, nayo iliunguzwa kingo katika moto wa mwaka 1731 mjini London. Zamani msomi alisafiri kwenda kuiona. Mwaka 1999 Kevin Kiernan alitoa picha za hati hiyo kwa ajili ya kompyuta, na baadaye kazi yake ikawekwa kwenye intaneti bila malipo. Chuo Kikuu cha Rochester nacho kimefungua mfululizo wa matini za Kiingereza cha Zama za Kati, pamoja na maelezo ya maneno magumu. Kijana aketiye mezani kwa mama yake aweza leo kuona alama ya moto juu ya ngozi iliyoandikwa miaka elfu moja iliyopita. Hiyo si neema ndogo, na asiyeikiri hatendi haki.

Lakini wingi huu una kasoro mbili ambazo wasifuji hawazitaji. Ya kwanza ni kwamba mlango ulio wazi waweza kufungwa. Mwezi wa Oktoba 2023, Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilishambuliwa na wavamizi wa kompyuta. Hati zenyewe hazikuguswa, lakini picha zake hazikuonekana kwa miezi mingi. Hati iliyoponea motoni ikawa imefichika tena, safari hii bila moshi.

Kasoro ya pili ni ya kila siku, nayo ni nzito zaidi. Vitu vipatikanavyo bure kwa kawaida ni vile ambavyo haki za wandishi wake zimekwisha kupita. Basi mwanafunzi asiye na fedha wala maktaba ya jirani hukutana na Beowulf katika tafsiri ya Francis Gummere ya mwaka 1909, na hukutana na Gawain katika nathari ya Jessie Weston ya mwaka 1898. Ni kazi za watu wenye elimu, lakini Kiingereza chake chenyewe kimekwisha kuzeeka. Kijana hudhani kuwa ugumu anaouona ni ugumu wa Zama za Kati, kumbe ni mtindo wa wafasiri wa nyakati za babu wa babu yake. Amevaa miwani juu ya miwani, na hapana mtu karibu wa kumwambia avue mojawapo.

Sasa tumwite shahidi wa kwanza. Dhuoda alikuwa mke wa Bernard, mtawala wa Septimania, kusini ya nchi ambayo leo ni Ufaransa. Baada ya vita vya Fontenoy vya mwaka 841, Bernard alimtoa mwanawe William, kijana wa miaka 14, akakae katika jumba la mfalme Charles ili awe dhamana ya utii wa baba yake. Mwana wa pili, aliyezaliwa mwaka huohuo, alichukuliwa kwa amri ya baba hata kabla ya kubatizwa, na mama akabaki Uzès asijue hata jina la mtoto wake. Katika upweke huo alianza kuandika mwezi wa Novemba 841, akamaliza mwezi wa Februari 843. Kitabu chake ni cha Kilatini, na jina lake, *Liber Manualis*, maana yake ni kitabu cha kushika mkononi.

Watu wengi wakisikia habari za kitabu hiki hukihesabu kuwa wosia wa dini tu. Wosia kweli umo, lakini ukikisoma kwa makini waona jambo jingine: Dhuoda anajitahidi kuweka nafsi yake ndani ya karatasi. Katika mashairi ya ufunguzi amepanga herufi za mwanzo za beti na mistari hata zikisomwa kwa kushuka zatoa salamu za Dhuoda kwa mwanawe mpenzi William, na neno la mwisho ni amri: soma. Anakiita kitabu chake kioo. Anakubali kwamba vijana wa jumbani hupenda mchezo wa bao na dado, na kwamba wanawake hujitazama katika vioo. Naye amwomba mwanawe akitazame kitabu hiki kwa bidii ileile. Anamtajia madeni aliyokopa kwa ajili ya mumewe, kwa Wakristo na kwa Wayahudi, na kumwomba ayalipe yakibaki. Anamwagiza amsomee mdogo wake atakapofikia umri wa kuelewa. Mwisho anaandika maneno ya kaburi lake mwenyewe, na kumwomba ayachonge juu ya jiwe.

Huyu si mtungaji wa kitabu cha shule. Ni mwalimu aliyenyang'anywa wanafunzi wake. Ustadi wote wa kitabu watokana na haja moja, kwamba maandishi yafanye kazi ya mtu asiyekuwapo. Hapa ndipo uhakiki unapomfaa mwanafunzi wa leo. Akisoma Dhuoda katika vipande vilivyotafsiriwa, kama avikutavyo mara kwa mara katika masomo ya intaneti, atapata nasaha za mama mcha Mungu na hatapata kitu zaidi. Zile salamu zilizofichwa katika herufi hupotea mara tu mashairi yanapohamishwa kutoka Kilatini, isipokuwa mfasiri amejitaabisha kuzirudisha. Na hapa pana kinyume cha ajabu. Toleo la Kilatini la mwaka 1887 limekwisha kuwa mali ya watu wote, bali tafsiri kamili za Kiingereza, ya Carol Neel ya mwaka 1991 na ya Marcelle Thiébaux ya mwaka 1998, bado zimo katika haki za wenyewe. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kijana aliye mbali na mwalimu wake kiko wazi katika lugha ambayo kijana wa leo haijui, na katika lugha anayoijua kina bei. Hata hivyo, kijana asiyejua Kilatini hata neno moja aweza kuifungua kurasa ya toleo lile la kale, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akashuka nayo, na kulisoma jina la mama. Akilifanya hilo, amejifunza fasihi zaidi kuliko yule aliyekariri muhtasari.

Lakini lazima tuseme pia alichoshindwa Dhuoda. Mafundisho yake makubwa katika mambo ya dunia ni mawili: mheshimu baba yako kuliko wote, kisha mtumikie kwa uaminifu bwana wako Charles. Katika mwaka 843 amri hizi mbili zilikuwa na amani kati yao. Mwaka 844 Charles alimwua Bernard. Basi kijana wa miaka 17 akawa ameshika mkononi kitabu kinachomwagiza kumpenda baba na kumtii bwana, ilhali bwana ndiye mwuaji wa baba. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Swali lilikuja baadaye. William aliasi, aliutwaa mji wa Barcelona mwaka 848, na mwaka 850 aliuawa. Sisemi kwamba kitabu kilimponza. Nasema kwamba saa ile alihitaji mtu wa kumwuliza, na mkononi alikuwa na wino mkavu.

Shahidi wa pili ana furaha zaidi. Chaucer, ambaye wanafunzi humjua kwa hadithi za mahujaji wa Canterbury, aliandika yapata mwaka 1391 risala ya kueleza matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia jua na nyota. Aliiandika kwa ajili ya mwanawe Lewis, mwenye umri wa miaka 10. Risala hii husahauliwa katika mafunzo ya fasihi kwa sababu huhesabiwa kuwa ni ya elimu ya nyota. Mimi naona kuwa dibaji yake ni miongoni mwa kurasa bora za nathari ya Kiingereza cha zama zile, na kwa mwanafunzi wa nyumbani hapana kurasa zinazomfaa zaidi.

Chaucer anaanza kwa kukiri kwamba mtoto ameonyesha dalili za kupenda hesabu na amemwomba baba yake amfundishe. Kwa hiyo ombi la mwanafunzi limetangulia jibu la mwalimu. Kisha amempa chombo chenyewe mkononi, kilichotengenezwa kufuata mahali pa Oxford, ili maneno yasielee hewani. Kisha anaeleza kwa nini hatumii Kilatini: mtoto anajua kidogo tu. Na hapa anatoa hoja ambayo sisi tuandikao Kiswahili hatuwezi kuipita bila kusimama. Asema kuwa Wayunani waliisoma elimu hii kwa Kiyunani, Waarabu kwa Kiarabu, Wayahudi kwa Kiebrania, na Walatini kwa Kilatini, na wote walifikia kweli ileile. Basi na Kiingereza chatosha. Mwisho aomba radhi kwa kurudiarudia maneno, kwa kuwa kumwandikia mtoto sentensi njema mara mbili ni bora kuliko aisahau mara moja.

Tazama jinsi dibaji hii ilivyo na mambo yote ambayo maktaba ya intaneti, kwa ukubwa wake wote, haiwezi kuyatenda yenyewe. Maktaba haijui kwamba msomaji ana miaka 10 au 16. Haijui neno gani limemkwaza jana. Haimchagulii lugha, wala hairudii pale aliposahau. Chaucer anayajua haya kwa sababu anamjua Lewis. Na kwa unyenyekevu anasema kuwa hakuzua lolote. Amekusanya tu kazi za wajuzi wa kale. Hilo ndilo jina halisi la kazi ya mzazi asomeshaye nyumbani: mkusanyaji amjuaye mtoto mmoja. Hahitaji kuwa bingwa wa Zama za Kati, lakini ahitaji kuchagua, kupanga, na kuwapo. Tena risala ya Chaucer haikukamilika. Aliahidi sehemu tano, zikatoka mbili. Mzazi ambaye hakumaliza mpango wake wa mwaka na ajitulize kwa mfano huo.

Shahidi wa tatu atufikisha penye kiini cha jambo. Christine de Pizan alizaliwa Italia, akaletwa utotoni Ufaransa, ambako baba yake alikuwa mnajimu wa mfalme Charles wa Tano. Baba alipenda bintiye apate elimu. Mama alitaka ajifunze kusokota nyuzi kama wanawake wengine. Akiwa mjane wa miaka 25 mwenye watoto wa kulisha, alirudi vitabuni, akajisomesha, na akaishi kwa kalamu. Mwaka 1405 alitoa kitabu cha *La Cité des dames*, yaani Mji wa Mabibi.

Kitabu hicho chafunguka kwa msomaji aliye peke yake. Christine ameketi chumbani mwake kati ya vitabu, na kwa kutaka kujiburudisha afungua kimoja cha Matheolus, kinachowatukana wanawake. Hajafika mbali mama yake amwita chakula cha jioni. Kesho yake akirudia kusoma, jambo la kutisha latokea. Kitabu hakina thamani, naye aliona hivyo tangu mwanzo; lakini akumbuka kuwa wandishi wakubwa wote wamesema yaleyale. Aitazama nafsi yake na wanawake anaowajua, haoni uovu ule. Walakini aamua kuwa macho yake ndiyo yenye kosa na vitabu ndivyo vyenye haki. Afikia kuichukia nafsi yake. Ndipo watokeapo mabibi watatu, Akili, Unyofu na Haki, nao wanamfundisha kwa njia moja tu: aulize, nao wajibu, atoe shaka yake, nao waipime.

Sijui maelezo mengine katika fasihi ya zama zile yanayoonyesha wazi zaidi hatari ya kusoma peke yako. Watu hudhani kuwa hatari hiyo ni ujinga, kwamba msomaji hatafahamu. Christine aonyesha hatari nyingine iliyo kubwa zaidi: msomaji hufahamu vema, kisha humezwa. Vitabu ni vingi na yeye ni mmoja. Asiye na mtu wa kubishana naye hulazimika kukubaliana na rafu nzima. Na rafu ya Christine ilikuwa na vitabu vichache. Ya mwanafunzi wa intaneti haina mwisho, na hapo hapakosekani watu wanaozitumia Zama za Kati kupamba chuki zao za leo. Anayedhani kuwa wingi wa maandishi ni kinga, na aanze upya kurasa za kwanza za Mji wa Mabibi.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Zama zake si zile, na nchi yake ni nyingine. Lakini kazi yake na ya Dhuoda ni za jamaa moja, maana kila mmoja ni mama aogopaye kuwa hatakuwapo. Tofauti iliyo kati yao ndiyo ya kufundisha. Dhuoda aandika kwa sababu mtoto yuko mbali. Mwana Kupona aanza kwa kumwita binti asogee karibu, achukue wino na karatasi. Utendi wake, kabla ya kuwa maandishi, ni kikao cha watu wawili, na mwandikaji ndiye mwanafunzi. Kwa muda mrefu tumezoea kuuhakiki kwa yale unayoyaamuru juu ya unyumba. Tukiuhakiki kwa namna unavyofundisha, twaona kwamba binti hakupewa kitabu: alipewa sauti, naye akaigeuza kuwa kitabu.

Kwa ushahidi huu, hukumu yangu juu ya makundi mawili niliyoyataja ni hii. Wasifuji wana haki kwamba nyumba si mahali pabaya pa kujifunzia fasihi hii. Sehemu yake njema ilizaliwa nyumbani, kati ya mzazi na mtoto, na hutoa maana yake tamu zaidi kwa asomaye katika hali ileile. Walaumu wana haki kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Lakini wanakosea wakidhani kuwa kilichokosekana ni jengo la shule. Shule nayo yaweza kumweka kijana kati ya wenzake 40 asipate hata mmoja wa kumjibu. Kinachohitajiwa ni mtu wa pili.

Basi anayemsomesha kijana nyumbani, au kijana anayejisomesha, na azingatie mambo manne. Asome kitabu kizima kimoja kabla ya kuonja vipande kumi. Aliweke toleo la lugha ya asili kando ya tafsiri, hata kama ni kwa kutazama umbo la mistari tu, na aijue tarehe ya tafsiri yake kama ajuavyo tarehe ya kitabu. Anakili kwa mkono wake kurasa zile azipendazo, kwa kuwa picha za maktaba huweza kutoweka siku moja, na kwa kuwa kunakili ndiko kusoma kwa polepole kuliko kote. Hivyo ndivyo kitabu cha Dhuoda kilivyotufikia, kwa nakala chache tu, moja yake vipande vilivyokutwa Nîmes. La nne, na ndilo kubwa, asimalize kitabu bila kumtafuta mtu wa kubishana naye juu yake: mzazi, jirani, mwalimu wa mbali, au kijana mwingine wa mji asioujua. Intaneti husifiwa kwa maktaba zake. Mimi ningeisifu zaidi kwa kuwa yaweza kumkutanisha msomaji na msomaji, kazi ambayo barua za Dhuoda hazikuweza kuifanya kwa wepesi.

Neno la mwisho la zile herufi za Dhuoda ni amri ya kusoma. Lewis alikuwa na baba wa kumrudia neno lililomshinda, na Christine alipata wa kumjibu. William alisoma peke yake.